Kusimamia Mazungumzo ya Hadithi Mpakani: Utanzu, Lugha na Zamu ya Kusema katika Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inaeleza kazi ya msimamizi wa mazungumzo ya hadithi katika eneo la Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, ambako jamii jirani husimulia yaliyopita kwa lugha tofauti na kwa madai tofauti. Inashikilia kwamba jukumu la kwanza la msimamizi si kugawa zamu wala kukemea matusi, bali kuhakikisha kuwa hadhira inafahamu ni utanzu gani unaosimuliwa na ni jibu la aina gani linaloufaa. Tanzu zikichanganywa, ngano hugeuzwa hati ya ardhi, na ushuhuda wa mtu hugeuzwa hoja ya kupingwa.

Utangulizi

Mpaka unaopita Busia na Malaba haukuwekwa na watu wanaosimulia habari zake. Hadi mwanzoni mwa mwaka 1902 sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na mpaka uliotokana na uhamisho huo ukawagawa Wateso na Wasamia kati ya tawala mbili. Upande wa Kenya wako Wateso, Wakhayo, Wamarachi, Wasamia na Wanyala. Upande wa Uganda wako Wasamia wa Busia, Wateso wa Tororo, na Jopadhola, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kilwo na haisikilizani kabisa na Kiteso. Busia ya Uganda yenyewe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997.

Katika mazingira hayo, kikao cha kusimulia na kujadili hadithi, kiwe cha wazee, cha wanafunzi, cha waumini baada ya ibada au cha wasomaji wa vitabu, hakikosi watu wa namna mbili: wale wanaojua toleo jingine la kisa kilekile, na wale ambao toleo hilo jingine lina faida kwao. Ndiyo sababu kikao kinahitaji msimamizi. Taaluma ya fasihi simulizi imemchunguza sana fanani, na tangu Ruth Finnegan achapishe kitabu chake mwaka 1970, imeichunguza hadhira pia. Huyu wa tatu, anayekaa kati ya fanani na hadhira, hutajwa kwa sentensi moja tu, kana kwamba kazi yake ni kupanga viti.

Hadithi ni neno pana mno

Tatizo la kwanza linatokana na neno lenyewe. Katika matumizi ya kila siku Kiswahili huita hadithi mambo mengi: kisa cha sungura na fisi, masimulizi ya jinsi ukoo ulivyohama, riwaya iliyochapishwa Nairobi, na habari za mtu aliyevuka mpaka usiku akiwa na watoto watatu. Kiganda, kinachosikika sana katika masoko ya mashariki mwa Uganda, hugawa kwa namna yake: olugero ni ngano na pia ni methali, ilhali historia ina neno lake, ebyafaayo. Wataalamu wa Kiswahili wametenga ngano, visasili na visakale (au mighani, kwa wanaopendelea istilahi hiyo). Darasani tofauti hizi ni swali la alama mbili. Tororo zina uzito mwingine.

Uzito huo una historia. Tangu katikati ya miaka ya 2000 viongozi wa Wateso na wa Jopadhola wamevutana kuhusu kugawanywa kwa Wilaya ya Tororo, na hasa kuhusu mji wa Tororo wenyewe: ungeangukia upande gani? Katika mvutano kama huo, swali la nani alifika kwanza haliko tena katika usiku wa kusimuliana. Limekuwa sehemu ya hoja ya utawala. Kila upande una masimulizi yake ya uhamaji, kila upande una majina ya koo na ya vilima, na kila upande unaweza kunyoosha kidole kwenye Mwamba wa Tororo ukasema kwamba babu zake waliuona kabla ya wengine. Jambo hili limewahi kutokea hata katika ngazi ya dola. Mwezi Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya Uganda, kwa kutegemea ramani za kabla ya 1902. Kwa mkaazi wa Busia hayo hayakuwa mjadala wa ramani; ilikuwa hofu ya kuamka na kukuta daraja limefungwa.

Kwa hiyo, msimamizi anapofungua kikao, jambo linalohitaji kuamuliwa mapema ni hili: kinachosimuliwa kinaombwa kiaminiwe au hakiombwi? Mapokeo ya Kiswahili yanayo chombo kwa kazi hiyo, ingawa mara nyingi kinachukuliwa kuwa pambo tu. Fanani anaposema “Hadithi, hadithi!” na hadhira ikajibu “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea,” pande zote mbili zimetia saini. Hadhira imeukaribisha uongo kwa hiari, na haiwezi baadaye kumshtaki fanani kwa uongo huo. “Paukwa! Pakawa!” hufanya kazi ileile. Kisakale hakina mwaliko wa namna hii. Mzee anayeeleza jinsi ukoo wake ulivyofika Mulanda au Mukuju haanzi kwa kuukaribisha uongo, na angekasirika kama angeombwa afanye hivyo.

Hatari iko katikati. Tuseme msimulizi anaeleza habari za sungura aliyekuta kisima porini, akakisafisha, akanywa. Baadaye tembo akaja na kundi lake, akasema kisima ni chake kwa kuwa nyayo zake ni kubwa zaidi. Kisa ni cha kawaida kabisa. Kikisimuliwa kijiji cha mbali, watoto watacheka. Kikisimuliwa Tororo wakati mvutano wa wilaya umepamba moto, mtu atauliza kwa sauti ya chini: “Tembo ni nani?” Msimamizi asiye na uzoefu atafanya mojawapo ya mambo mawili. Atakizuia kisa, na hapo atakuwa amethibitisha kwamba kilikuwa fumbo la matusi. Au atakiacha kiendelee kujadiliwa kana kwamba ni ushahidi, na kwa nusu saa watu watabishana juu ya kisima ambacho hakijawahi kuwepo. Njia ya tatu ni ya zamani: kurudisha mwaliko. Anaomba hadhira iitikie tena “uongo njoo,” kisha anamwita mwingine, hasa wa upande uliojihisi kuguswa, asimulie ngano yake kuhusu kisima. Ngano hujibiwa kwa ngano. Aliyechokozwa anapata nafasi ya kumfanya tembo kuwa mwerevu na sungura kuwa mwizi, na kikao kinapata hadithi mbili badala ya ugomvi mmoja.

Kila utanzu na jibu lake

Kisakale hakijibiwi hivyo. Hakimalizwi kwa kisakale kingine, kwa sababu visakale viwili vinavyopingana vikiwekwa bega kwa bega bila ya jambo jingine, kikao hugeuka kura. Jibu linalokifaa ni swali, na swali lenyewe ni la chanzo: msimulizi aliyasikia kwa nani, naye huyo aliyasikia kwa nani, na wakati gani watu wa ukoo huo walikuwa wakiyasimulia? Jan Vansina alijenga mbinu nzima juu ya maswali ya aina hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1961. Bethwell Ogot aliitumia mbinu ya masimulizi ya koo alipoandika historia ya Waluo wa Kusini, iliyochapishwa mwaka 1967, ambamo Jopadhola wana nafasi kubwa. Kwa upande wa Wateso, J. B. Webster na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1973. Kinachofaa kuigwa na msimamizi kutoka kwa wanahistoria hao ni adabu ya kuuliza, kuliko mahitimisho yao. Swali “uliyasikia kwa nani?” halimwiti msimulizi mwongo. Linamtambua kuwa mpokezi wa amana, na wakati huohuo linawaonyesha wasikilizaji kwamba amana hiyo ilipitia mikono.

Hapa pana jambo linalowatatiza wasimamizi wengi, nalo ni kitabu. Masimulizi yaliyokusanywa kwa wazee katika miaka ya 1960 yalichapishwa, yakasomwa shuleni, na sasa yanarudi vikaoni vinywani mwa vijana wanaosema “kitabu kimesema.” Mzee ambaye baba yake huenda alikuwa miongoni mwa waliohojiwa anasahihishwa kwa maneno ya jirani yake yaliyopigwa chapa. Mzunguko huu umejadiliwa na wanahistoria wa Afrika tangu David Henige alipouandikia makala mwaka 1973 kuhusu pwani ya Wafante. Msimamizi hapaswi kukifukuza kitabu. Anaweza kukiuliza swali lilelile analomuuliza mzee: kiliyasikia kwa nani? Kitabu kizuri hujibu, kwa kuwa kina majina ya waliohojiwa. Na mara nyingi jibu lake hukirudisha kwenye daraja ya shahidi mmoja kati ya wengi.

Utanzu wa tatu ni ushuhuda, na huu ndio unaovunja vikao vingi kwa sababu huingia bila kubisha hodi. Mazungumzo ni ya riwaya fulani yenye wakimbizi. Mama aliyenyamaza tangu mwanzo anasema kwamba yeye pia alivuka. Mpaka huu umevukwa kwa pande zote mbili. Katika miaka ya 1970 waliokimbia utawala wa Amin walipita hapa kuelekea Kenya. Mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walipita Busia na Malaba kuelekea Uganda, wengi wakapokewa Mulanda katika Wilaya ya Tororo kabla ya baadhi yao kuhamishiwa Kiryandongo. Mwenyeji wa juzi alikuwa mgeni wa jana. Ushuhuda wa namna hii haujibiwi kwa ngano, maana huo ungekuwa mzaha. Wala kwa swali la chanzo, maana chanzo ni mwili wa msemaji mwenyewe. Hujibiwa kwa kimya, kisha kwa shukrani fupi. Iwapo mtu ana hoja kuhusu nani aliwachomea nani nyumba, hoja hiyo ingoje kikao kingine. Makala hii inaona kwamba hapa ndipo msimamizi ana haki, tena wajibu, wa kukatisha mtu maneno.

Kiswahili si uwanja mtupu

Katika kikao chenye Wateso, Jopadhola na Wasamia, Kiswahili huchaguliwa kwa sababu iliyo wazi: si cha yeyote kati yao. Tena eneo hili lina haki yake katika lugha hiyo. Neno bodaboda, ambalo leo linajulikana Afrika Mashariki nzima, lilianza kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kati ya kituo cha mpaka cha upande mmoja na cha upande wa pili. Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba lugha isiyo ya yeyote haina kumbukumbu.

Nchini Uganda, Gavana William Gowers alitaka kukikweza Kiswahili mwaka 1927, na Kabaka Daudi Chwa akakipinga. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa muda mrefu kilikuwa lugha ya kambi, ya polisi na ya vizuizi barabarani, na wapo wazee wa Tororo ambao wakisikia amri fupi ya Kiswahili, mabega yao yanapanda kabla masikio hayajaelewa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia utekelezaji wa azimio la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu lugha hiyo. Sera imekwenda mbele. Mabega yatachukua muda zaidi.

Upande wa pili wa barabara hali ni tofauti. Nchini Kenya Kiswahili kimekuwa somo la lazima la mtihani tangu mwaka 1985, na fasihi simulizi ni sehemu ya silabasi. Kijana wa Busia ya Kenya huja kikaoni akiwa na istilahi mkononi: hii ni ngano ya kiayari, ile ni ya mazimwi. Pia huja na mazoea ya kusahihisha. Mzee wa Uganda anaposema “ile mutu alikuja,” kijana hutabasamu, au anarudia sentensi kwa sauti kwa upatanisho sahihi wa sarufi. Hajatukana mtu. Lakini mzee hasemi tena hadi kikao kinakwisha, na kisa chake, ambacho huenda ndicho kilichokuwa adimu kuliko vyote, kinaondoka naye. Kati ya makosa yote yanayotendeka katika vikao vya mpakani, hili ndilo lenye hasara kubwa na lisiloandikwa katika orodha yoyote ya makatazo. Kanuni inayofaa ni nyepesi: sarufi haisahihishwi msimulizi akiwa na zamu. Wataalamu wa lugha watakaosoma sentensi hiyo wakakunja uso wazingatie kwamba kikao cha hadithi si mtihani, na kwamba Kiswahili cha Tororo nacho ni data.

Tafsiri inahitaji uangalifu wa aina yake. Msimulizi akiruhusiwa kuanza kwa Kiteso au Kidhopadhola na mwingine akafasiri, mfasiri anakuwa na mamlaka kuliko msimamizi. Anaweza kulainisha neno kali au kukoleza neno laini, na nusu ya hadhira haitajua. Ni busara mfasiri asitoke katika ukoo wa msimulizi, na awepo msikilizaji mmoja anayejua lugha zote mbili na aliyeombwa mapema kusema “ngoja kidogo.”

Viti na zamu

Kuhusu zamu, eneo hili lilikuwa na mfano wake kabla ya kuja kwa wenyeviti na ajenda. Wateso hunywa ajon, pombe ya ulezi, kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Ivan Karp, katika insha yake ya mwaka 1980 kuhusu Wateso wa Kenya, alionyesha kwamba mduara huo si wa kukaa ovyo: kuna adabu ya mrija, na kuna kanuni za nani akae na nani, hasa baina ya wakwe. Mduara huo unaonyesha kwamba watu hawakukaa pamoja kwa kuwa walikuwa sawa. Walikaa pamoja kwa kuwa kila mmoja alijua mahali pake na mipaka yake. Kikao cha leo kinachowaweka pamoja mkwe na mama mkwe, kisha kikawaomba wajadili kisa cha mapenzi, hakitapata mjadala, na kosa halitakuwa lao.

Mfano wa pili unatoka Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza midahalo ya hadhara iliyotangazwa redioni, ikajulikana kwa jina la ebimeeza, neno la Kiganda lililotokana na meza. Wasemaji walipewa zamu na muda, chini ya mwenyekiti. Serikali iliipiga marufuku mwezi Septemba 2009, baada ya ghasia za Kampala. Florence Brisset-Foucault, katika kitabu chake cha mwaka 2019, anaichambua kwa kina. Kwa kikao cha hadithi, mfano huu unafaa nusu tu. Saa ya mwenyekiti huwazuia wasemaji warefu, lakini huwafaa waliozoea midahalo ya shule, wanaojua kuweka hoja tatu kwa dakika mbili. Kisakale hakiingii katika dakika mbili. Afadhali zamu zipimwe kwa kisa kuliko kwa saa: kisa kimoja, maswali yake, kisha kingine.

Majina na sheria

Yapo maneno ambayo msimamizi anapaswa kuyajua kabla hayajasemwa. Bukedi ni mojawapo. Jina hilo walilitoa Waganda, likihusishwa na watu kwenda uchi, likaingia katika utawala wakati wa Semei Kakungulu na maajenti wa Kiganda, na bado linatumika kwa eneo na kwa dayosisi ya Kianglikana. Mtu anaweza kulitamka kama anwani tu, na jirani yake akalisikia kama tusi la bibi yake. Kulipiga marufuku hakuwezekani, kwa kuwa limo katika nyaraka. Kinachowezekana ni kueleza lilikotoka mara linapojitokeza, kwa ufupi, na kuendelea.

Kikao chenye watu wa pande mbili kiko pia chini ya sheria mbili. Kenya ina Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, inayokataza matamshi ya chuki za kikabila; Uganda ina kosa la kuchochea ubaguzi katika Sheria ya Kanuni za Adhabu. Kisakale cha vita vya karne ya 19 kati ya Jopadhola na Wateso si kosa popote. Kikisimuliwa kwa kuunganishwa na majina ya majirani walio hai, kinaweza kuwa. Msimamizi anahitaji kanuni moja tu hapa: kisa cha wafu kisitaje walio hai.

Kisa kinapotoka kikaoni

Yote yaliyoelezwa yanategemea sharti kwamba hadhira iliyokaribisha uongo ndiyo hadhira inayousikia. Simu imeliondoa sharti hilo. Kisa cha sungura na tembo kikirekodiwa kuanzia katikati, bila “uongo njoo” na bila ngano ya jibu iliyofuata, kitafika Amagoro au Nagongera kabla ya giza kikiwa kimevuliwa mwaliko wake, na huko kitasikilizwa kama tangazo. Katazo la kurekodi halitekelezeki, na lingenyima vizazi vijavyo masimulizi ambayo hayapatikani penginepo. Kinachoweza kutekelezwa ni kazi ndogo ya mikono: anayerekodi aanze na kiitikio na amalizie na jibu, atamke utanzu, mahali na tarehe kwa sauti yake mwanzoni, na amwombe msimulizi ruhusa mbele ya kikao chote. Kwa ushuhuda, ruhusa iombwe mara ya pili, siku nyingine, msimulizi akiwa peke yake, kwa sababu aliyekubali mbele ya watu waliokuwa wamenyamaza kwa heshima huenda hakuwa na namna ya kukataa.